Kufungua injini ya gari nyumbani kwa mara ya kwanza

Injini yangu ya kwanza niliifungua uani kwetu Kisauni, kwa jioni mbili tu. Kuifunga kulinichukua miezi minne, na nilipomaliza nikabaki na bolti saba zisizo na pa kwenda. Fundi mmoja mzee wa mtaani alinikuta nimekaa nazo kiganjani kama mtu anayehesabu chenji ya matatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizo za wapi?"

"Sijui, mzee."

"Basi mwanangu, wewe hukufungua injini. Uliimwaga."

Neno lile lilinikaa. Tangu siku hiyo nimefungua nyingine kadhaa, na kilichobadilika ni kwamba sasa napiga picha, naandika na kupanga kabla mkono haujagusa spana. Ndiyo sababu humu utaniona nazungumzia katoni na trei za mayai kuliko nguvu za mikono. Kulegeza bolti utakuzoea siku ya kwanza. Kujua ilitoka wapi, hapo ndipo penye kazi.

Anza na injini iliyokufa

Usijifunzie gari linalokupeleka kazini. Utafika Jumapili jioni hedi (kichwa cha injini) iko mezani, kesho Jumatatu, na haraka hiyo ndiyo itakayokuvunjia kitu. Tafuta injini ambayo imeshatolewa kwenye gari na hakuna anayeisubiri.

Hapa Mombasa hazikosekani. Magari ya Japani yanashukia bandarini Kilindini, mengine yanazeekea papa hapa, na gari likinoki wengi huona afadhali kununua injini ya eksi-Japani kuliko kuitengeneza ile ya zamani. Hiyo mbovu hubaki nyuma ya gereji, kuku wanaitagia. Zunguka Magongo na Changamwe uulize; utauziwa kwa bei ya chuma.

Mimi nakushauri 5A-FE, ile ya Corolla 110. Ni ya CC 1498, silinda nne, valvu 16, kemshafti mbili juu (mihimili inayofungua valvu), bloku, yaani mwili wa injini, ya chuma na hedi ya aluminiamu. Taimingi yake ni ya mkanda, haina VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka), na imeundwa hivi kwamba mkanda ukikatika pistoni hazizifikii valvu. Kwa mwanafunzi hilo ni jambo kubwa: ukizungusha kemshafti vibaya hupindi valvu hata moja. 1NZ-FE ya Probox na Vitz nayo ni nzuri, lakini ina cheni, ina VVT-i, na bloku yake ni ya aluminiamu. Iwe ya pili.

Kabla ya kulipa, tia spana kwenye bolti kubwa ya puli ya kranki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, uzungushe kwa upande unaokwenda mshale wa saa. Ikizunguka raundi mbili bila kukwama, chukua. Iliyoganda kwa kutu pia hufunguka, ila pistoni zake utazitoa kwa jasho na matusi. Halafu dai risiti yenye namba ya injini. Namba hiyo imegongwa kwenye bloku na imeandikwa kwenye logibuku ya gari ilikotoka. Usije ukalala na bloku ya wizi uani ukadhani ni chuma tu. Na ikitokea siku moja ukaifunga kwenye gari lako, rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, nazo zitahitaji kubadilishwa.

Kama huna budi kufungua iliyo bado ndani ya gari, anza na petroli. Petroli ya gari la EFI (linalopuliziwa petroli kwa kompyuta) hubaki na presha kwenye mpira hata gari likizimwa, kwa hiyo toa fyuzi ya pampu, washa gari mpaka lizime lenyewe, kisha toa waya hasi wa betri, ndipo ufungue mpira. Injini ikiwa baridi, mwaga maji ya rejeta na oili. Injini hii inapita kilo 100. Tafadhali usiitundike kwenye tawi la mwembe. Nimeona tawi la unene wa paja likiachia bila hata kulia, na bahati ya Mungu aliyekuwa chini alikuwa amekwenda kununua soda. Kodi chenibloki yenye miguu mitatu ya chuma, na msiwe chini ya watu wawili.

Mahali na vifaa

Adui wa kwanza pwani ni mchanga, wa pili ni hewa ya chumvi. Tafuta sakafu ya saruji, ifagie, imwagie maji, iache ikauke, kisha tandika katoni. Injini yenyewe ikalishe juu ya tairi kuukuu lililolazwa. Haitelezi, haipinduki, na unaweza kuigeuza upande unaotaka. Stendi ya injini ni nzuri zaidi, lakini tairi ni bure.

Vifaa si vingi. Racheti ya nusu inchi na ndogo yake, soketi za 10, 12, 14, 17 na 19. Toyota nyingi, ukiwa na 10, 12 na 14 umeshamaliza robo tatu ya kazi. Nunua soketi za pembe sita. Zile za pembe kumi na mbili hukwangua vichwa vya bolti zilizoshika kutu. Ila bolti za hedi za Toyota nyingi zenyewe zina meno kumi na mawili, kwa hiyo zitazame kwanza, piga picha, uende nayo dukani. Ongeza bomba la chuma la kurefushia mpini, nyundo ya plastiki, bisibisi bapa mbili, koleo, brashi ya waya, oili ya kulegezea kutu, tochi ya kuvaa kichwani na sumaku ndogo uliyoifunga kwenye kamba. Sumaku utaiona ya kitoto mpaka nati idondokee usikoweza kutia kidole.

Vyuma osha kwa mafuta taa. Mafundi wengi huosha kwa petroli kwa kuwa inakausha upesi, na wengi wao wana alama ya moto mkononi. Kwenye ua wenye jiko la makaa la jirani, petroli kwenye beseni wazi ni wazimu. Vaa glovu pia, maana oili iliyotumika ina vitu ambavyo ngozi ikivinywa miaka na miaka huleta saratani.

Oili hiyo chafu ihifadhi kwenye jerikeni. Usiimwage mtaroni, mvua ya kwanza itaifikisha kwenye mikoko ya Tudor. Maji ya rejeta yenye dawa ya kijani au nyekundu yafunike mara moja: yana utamu, yana sumu, na mji huu paka ni wengi kuliko watu.

Katoni, trei za mayai na simu

Hapa nitakaa kidogo.

Simu kwanza. Kabla hujafungua kitu, izunguke injini yote ukipiga picha, mbali na karibu, kila mpira ulikoingia na kila waya ulikochomekwa. Kisha kila unapofika sehemu mpya piga tena. Hutawahi kulalamika kwamba picha zilizidi. Waya na mipira bandika tepu nyeupe ya karatasi, andika namba moja pande zote mbili: 7 kwenye mpira, 7 kwenye kitako chake. Andika kwa kalamu ya wino mzito, kisha juu yake pitisha tepu ya kung'aa, la sivyo oili itafuta yote.

Katoni ni ya bolti. Ukitaka kufungua kava ya taimingi, kwa mfano, chora umbo lake kwenye katoni kwa ukubwa wowote, toboa tundu pale kila bolti ilipo, na kila inayotoka ichomeke kwenye tundu lake. Kava moja inaweza kuwa na bolti za urefu wa aina tatu. Ndefu ikiingia mahali pa fupi, ama hupasua aluminiamu ama hukaza bila kubana. Bolti zangu saba za mwanzo nne zilikuwa za kava hiyo.

Trei ya mayai ndiyo siri kubwa. Ina vishimo 30, na duka lolote la mtaani litakupa. Juu ya valvu 16 za injini hii kuna tapeti 16, kila moja kikombe kidogo chenye kisahani cha shimu juu yake. Vyote vinafanana machoni, lakini unene wa shimu unapishana kwa sehemu ndogo za milimita, kwa sababu kila kimoja kilichaguliwa kwa ajili ya valvu yake. Ukivichanganya, nafasi zote za valvu zimeharibika, na utanunua au kupima upya shimu zote. Kwa hiyo chukua trei, ukingoni andika MBELE upande wa puli na NYUMA upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Mstari mmoja wa kuvuta hewa, mstari mwingine wa ekzosi. Halafu namba 1 mpaka 8 kila mstari. Nane hazienei kwenye mstari wa sita, najua. Kata trei mbili uziunganishe kwa tepu. Nilifanya hivyo nikiwa nimekasirika, na mpaka leo naitumia trei ile ile.

Daftari nalo lisiwe mbali. Andika kila ulichofungua, kwa mpangilio ulivyofungua, hata kwa maneno ya ovyo: "alteneta, bolti 2, ya chini ndefu." Siku ya kufunga utalisoma kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi mbele.

Plagi na alama ya juu kabisa

Toa plagi nne, uzipange kwa namba. Silinda namba moja ni ile iliyo karibu na puli. Itazame ncha ya kila plagi kwenye mwanga. Kahawia ya chai ya maziwa ni afya. Nyeusi kavu ya masizi, petroli ilikuwa nyingi. Nyeusi mbichi inayong'aa, oili inapita kwenye ringi au kwenye mpira wa valvu. Moja ikiwa safi kama iliyooshwa huku wenzake wachafu, shuku gasketi ya hedi: maji yalikuwa yanaingia silinda ile na mvuke unaifua plagi. Andika, maana utakapofungua hedi utataka kuona kama ulibahatisha.

Sasa zungusha kranki kwa spana mpaka mchongo wa puli ukutane na sifuri kwenye kava. Pistoni ya kwanza na ya nne ziko juu kabisa. Ili ujue kama ya kwanza iko kwenye kubana na si kwenye kutoa moshi, fungua kava ya tapeti juu uangalie: tapeti za silinda ya kwanza ziwe huru, kemshafti haizikandamizi. Kama zimekandamizwa, zungusha raundi moja zaidi. Piga picha ya alama zote. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na distribyuta uitie alama ya rangi ilivyokaa kwenye hedi na rota inakoelekea. Rangi ya kucha ni nzuri kwa kazi hii. Muulize mwenyewe kwanza, mimi sikuuliza.

Vya nje

Alteneta, stata, distribyuta, mipira, manifoldi ya kuvuta hewa: haya yatakwenda haraka, fuata picha na daftari. Tia kitambaa kwenye kila tundu linalobaki wazi. Nati moja ikiingia njia ya hewa usiione, siku ya kuwasha itakukumbusha kwa mlio.

Manifoldi ya ekzosi ni hadithi nyingine. Hapa pwani nati zake huwa zimekuwa kitu kimoja na stadi, yaani zile bolti zisizo na kichwa zilizosimama kwenye hedi. Mwagia oili ya kutu jioni, rudia asubuhi, na usiguse mpaka jioni ya pili. Ukianza, kaza kidogo kwanza, kwa unyoya tu, mpaka usikie imelia. Hapo kutu imevunjika. Kisha legeza robo, rudisha, legeza tena. Ya kwanza kwangu niliipandia na bomba la mita moja, ikakatika kama muhogo mkavu. Kuitoa kisiki kulinigharimu siku nzima ya kutoboa, na tundu likapinda. Kama nati haisogei hata baada ya siku mbili, kata nati yenyewe kwa tindo, iokoe stadi.

Taimingi na kemshafti

Bolti ya puli ya kranki ni ngumu, na injini ikiwa chini hakuna cha kuizuia isizunguke. Mshikaji mmoja azuie meno ya flaiwili kwa bisibisi nene, wewe uvute. Puli ikigoma kutoka, ivute kwa pula, kifaa cha kuvutia puli. Ukiigonga ukingoni itapasuka.

Toa kava. Mkanda hata kama utautupa, uchore mshale wa upande unaozunguka na alama kwenye meno ya gia zote mbili, ili ujifunze kusoma. Legeza kikazio, uvue.

Kwenye 5A-FE mkanda unaendesha kemshafti moja tu. Ya pili inaendeshwa na ya kwanza kwa gia. Moja ya gia hizo imeundwa kwa vipande viwili vyenye springi katikati, ili meno yasipige kelele. Ukiitoa kemshafti hiyo bila kuifunga, springi inafyatuka na meno yanapishana. Zungusha mpaka uone tundu dogo la bolti ya milimita 6 kwenye gia, tia bolti, kaza kidogo vipande vishikane. Mimi hili sikulijua, nikashinda siku nzima na koleo mbili na shemeji yangu tukizirudisha.

Kofia za beringi za kemshafti zina mshale na alama. Kama zimefutika, kwangua zako. Legeza bolti zote robo raundi, ukizunguka, rudia, mpaka springi za valvu zimeachia zote pamoja. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, kemshafti hubaki imeinuliwa kichwa kimoja na huweza kuvunjika, kwa kuwa ni ngumu lakini haipindiki. Kofia zirudishe juu ya kemshafti yake kwenye katoni kwa mpangilio ule ule. Kisha tapeti, moja moja, kwenye trei. Usizitoe zote mkononi ukasema utazipanga baadaye.

Hedi

Injini iwe baridi kabisa; hedi ya aluminiamu ikifunguliwa moto hupinda. Bolti ni kumi. Anzia pembeni, kwenda katikati, kwa kuvuka: ya kona hii, kisha ya kona iliyo mkabala, robo raundi kila moja, na uzunguke mara tatu kabla hujatoa hata moja. Usishangae ukikuta za upande mmoja ni ndefu kuliko za upande wa pili. Chora katoni.

Hedi mara nyingi hubaki imegandia. Usitie bisibisi kati ya hedi na bloku. Mkwaruzo mmoja pale, na hata gasketi mpya itavuja. Gonga pembeni kwa nyundo ya plastiki au kipande cha mti, kwenye sehemu nene, mpaka isikike imeachia. Inue wima, kwa kuwa kuna pini mbili zinazoishika. Ilaze juu ya vipande viwili vya mbao, uso wa chini usiguse sakafu.

Sasa tulia, chukua tochi, soma gasketi. Mahali pembamba kati ya silinda mbili ndipo huungua kwanza. Ukiona mstari mweusi umevuka kutoka silinda moja kwenda ya pili, au kutoka silinda kwenda tundu la maji, umepata kilichoiua. Usoni mwa hedi laza rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kisha jaribu kupitisha wembe wa kipimo wa milimita 0.05 chini yake. Ukipita, hedi imepinda na itahitaji kusawazishwa kwa mashine. Injini ya Mombasa iliyochemsha kwenye foleni ya feri ya Likoni mchana wa Februari, mara nyingi utaikuta hivi.

Valvu zenyewe waweza kuziacha kwa siku nyingine. Zinataka kikandamizio cha springi, na zina vile vibanio viwili vidogo kila moja, jumla 32, vinavyoruka kama panzi. Ukizifungua, fanya kazi hiyo ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoona ndani.

Chini

Geuza bloku kichwa chini juu ya tairi. Sampu, lile bakuli la oili la chini, imeshikwa na bolti nyingi ndogo na silikoni. Kata silikoni kwa kisu chembamba cha rangi, usiikunje midomo ya sampu. Kabla hujapangusa, tumbukiza kidole kwenye oili ya chini. Vumbi la kung'aa la rangi ya fedha au shaba ni beringi zimekwisha. Oili iliyogeuka rangi ya uji wa maziwa ina maji ndani.

Konrodi ni mikono inayounganisha pistoni na kranki. Tazama kama kila moja na kofia yake ina namba. Kama haina, gonga alama wewe mwenyewe, nukta moja kwa silinda ya kwanza, mbili kwa ya pili, upande mmoja wa konrodi na wa kofia. Kofia hizi zilichongwa zikiwa zimefungwa kwenye konrodi yake. Hazibadilishani, na hazigeuzwi. Zungusha kranki mpaka ya kwanza na ya nne zifike mwisho wa upande wa sampu, fungua nati, gonga kofia kidogo, itatoka na nusu ya beringi. Kwenye bolti mbili zinazochomoza visha vipande vya mpira wa petroli, ili zisikwaruze kranki wakati pistoni inatoka. Mkwaruzo mdogo tu hapo unaila beringi mpya.

Kabla ya kusukuma, pitisha ukucha juu ya silinda, pale ringi ya juu ilipokuwa ikifikia. Ukihisi kidaraja cha kaboni, kikwangue, la sivyo ringi itakwama na kuivunja pistoni. Sukuma kwa mpini wa nyundo wa mti, mwenzako aipokee upande wa pili. Ikitoka tu, rudisha kofia na beringi zake, funga nati kwa vidole, andika namba. Fanya vivyo kwa nne zote. Kichwani mwa pistoni kuna alama ndogo inayotazama puli, ioshe uione.

Mwisho kranki. Toa flaiwili, pampu ya oili mbele na kishikio cha sili nyuma. Kofia kuu ni tano, zina namba na mishale inayoelekea mbele. Bolti kumi, legeza kutoka pembeni kwenda katikati kwa awamu. Kwenye kofia ya tatu, ya katikati, kuna vipande vyembamba vya nusu mwezi vinavyoizuia kranki isisogee mbele na nyuma. Huanguka bila sauti, vishike. Inue kranki wima, mikono miwili. Beringi ziweke kwenye trei, ya juu na ya chini kwa namba.

Beringi nzuri ni ya kijivu tulivu, sawa kila mahali. Ikionyesha rangi ya shaba, tabaka la juu limelika. Kwenye kranki pitisha ukucha kwa mapana ya sehemu inayong'aa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, itahitaji kuchongwa na beringi za ova saizi, yaani nene zaidi. Silinda nayo ikiwa bado ina mistari hafifu ya kukatana kama mkeka, haijalika sana.

Usiku huo huo

Ukishaosha kwa mafuta taa, umeondoa oili yote iliyokuwa inalinda chuma. Kalale hivyo, na asubuhi silinda zina rangi ya chai ya mkandaa, hasa wakati wa masika. Paka oili safi kwenye silinda, kranki, kemshafti na uso wa bloku, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Funika kwa shuka kuukuu, kisha plastiki juu, uache pembe moja wazi isitoe jasho ndani. Trei za mayai zipandishe juu ya kabati. Watoto huzipenda.

Ukiamua kuifufua, bloku na hedi vitakwenda karakana ya mashine. Silinda zipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Kipimo cha kiwandani cha 5A-FE ni milimita 78.7. Hedi ipimwe kwa presha ya maji kabla ya kusawazishwa, maana hakuna faida kulipia kunyoosha uso wa hedi iliyopasuka. Andika namba zako kwenye karatasi uwaachie, mwambie fundi kila valvu irudi kwenye kiti chake, na siku ya kuichukua, zihesabu zote 16 ukiwa bado umesimama mlangoni kwao.